Ubaguzi Usio na Rangi

Katika msamiati wa siasa ambao Kiswahili kilijipatia karne iliyopita, ni machache yaliyofanya kazi kubwa kuliko maneno haya matatu: ubaguzi wa rangi. Kwa maneno hayo wasemaji wa lugha hii walilaani mauaji ya Sharpeville ya mwaka 1960 na ya Soweto ya mwaka 1976. Kwa maneno hayo hayo wazee wetu walieleza kwa nini mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa, tangu mwaka 1920, kutembea na kipande shingoni kama mbuzi wa mnadani, na kwa nini vilima vya Nakasero na Kololo hapa Kampala vilikuwa makao ya Wazungu, ilhali Mwafrika aliyevipanda alivipanda kwenda kupika au kufagia. Maneno yalikuwa bayana, na aliyeyasikia hakuhitaji kamusi.

Walakini neno linaloangaza jambo moja kwa nguvu huliacha gizani jambo lililo jirani yake. Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 21 Desemba 1965, hautaji rangi peke yake. Kifungu chake cha kwanza kinataja mbari, rangi, nasaba, na asili ya taifa au kabila. Yaani waliouandika walijua kwamba watu waweza kubaguana hata kama ngozi zao hazitofautiani hata kidogo. Sisi, tulipoutafsiri, tuliliacha neno rangi likae mbele ya mlango na kuyazuia mengine yote kuingia. Na madhali rangi zetu ni moja, tumejihesabu kuwa tu safi. Ubaguzi ulikuwa wa Mkaburu wa Afrika Kusini, wa mlowezi wa Nyanda za Juu za Kenya, wa Mbelgiji wa Kongo. Sisi tulikuwa wabaguliwa, basi.

Nadai katika makala haya kwamba hesabu hiyo ni ya uongo, na kwamba tunao ubaguzi wetu wenyewe ambao umedumu kwa sababu hauna rangi ya kuutambulisha. Sitausaka mbali. Nitauchukua mfano wa Kigezi, pembe ya kusini magharibi ya Uganda, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mwana wa wakulima wa huko, na habari ninayotaka kuieleza inanihusu kwa upande wa waliofaidika.

Wanaoitwa Watwa waliishi katika misitu ya Bwindi, Mgahinga na Echuya kabla mkulima yeyote hajafika na jembe lake. Jina lenyewe linastahili kutazamwa na mwalimu wa lugha. Mzizi wa -twa umetapakaa katika lugha nyingi za Kibantu, kuanzia Maziwa Makuu na Kongo hadi kusini kabisa, ambako Wazulu huwaita Wasani abaThwa. Popote ulipo, aghalabu huwataja watu waliokuwapo kwanza, wawindaji na wachuma asali, jinsi walivyoonekana kwa mkulima aliyekuja baadaye. Ni jina lililotolewa na jirani. Kiswahili cha pwani nacho kiliwapa watu wa namna hiyo jina la mbilikimo, ambalo wengi husema chanzo chake ni mbili na kimo. Likiwa hivyo, basi ni jina la mtu aliyepimwa kwa dhiraa kabla ya kuulizwa habari.

Uhusiano wa Watwa na wakulima haukuwa wa uadui tu. Watwa walileta nyama, asali, ngozi na vyungu. Walirudi na maharagwe, mtama na pombe. Katika ikulu ya mfalme wa Rwanda walikuwamo Watwa waliokuwa wacheza ngoma, wapiga vyombo na askari. Lakini pamoja na biashara hiyo palikuwa na miiko. Mkulima hakunywa katika kikombe alichonywea Mtwa, wala hakuketi naye kwenye benchi moja. Kwenye pombe Mtwa alikaa kando, akamiminiwa katika chombo chake. Kumwita mtu Mtwa, naye si Mtwa, lilikuwa tusi, na mahali pengi lingali tusi hadi leo. Ipo pia imani chafu, ambayo imewaumiza wanawake wa jamii hiyo pasipo kiasi, kwamba mwanamume akilala na mwanamke wa Kitwa hupona maumivu ya mgongo. Haya yote nitayaita ubaguzi wa kikombe. Yanaonekana kwa macho, yana aibu yake, na kila mwenye elimu kidogo huyakana hadharani.

Kama ubaguzi ungekuwa wa kikombe tu, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Tungehubiri, tungefundisha, tungenyweshana, na baada ya kizazi kimoja au viwili jambo lingekwisha. Kuna ubaguzi wa pili ambao haukai katika moyo wa mtu. Huo nitauita ubaguzi wa kipimo, na ndio ninaotaka msomaji anisikilize kwa makini.

Serikali ya kikoloni iliufanya Bwindi kuwa msitu wa akiba mwaka 1932. Mwaka 1991 serikali ya Uganda iliitangaza Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa, kwa nia ya kumlinda gorila wa milimani ambaye alikuwa karibu kutoweka duniani. Nia hiyo ilikuwa njema, nami siibezi. Gorila wameongezeka tangu wakati ule. Bwindi iliingizwa mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Na kibali cha mgeni wa kigeni kwenda kuwatazama gorila wetu kwa saa moja hugharimu mamia ya dola. Lakini hifadhi isiyokaliwa na watu ilitaka watu watoke. Ikaja hesabu ya fidia.

Fidia ilitolewa kwa kipimo gani? Kwa kipimo cha shamba. Aliyekuwa amefyeka miti, akalima, akapanda, akajenga, huyo alikuwa na alama ardhini inayoweza kupimwa kwa kamba na kuandikwa kitabuni. Wako wakulima waliolipwa, na hata hao wengi walilalamika kwamba walicholipwa ni kidogo. Mtwa hakuwa na alama. Njia zake za asali, mapango aliyotambikia, sehemu alizochimba viazi vikuu, mabonde aliyotega mitego yake, vyote alivijua kwa majina, lakini havikuacha mstari wowote ambao mpima ardhi angeuona. Kwa hiyo isipokuwa wachache sana, Watwa walitoka mikono mitupu. Tazama sasa kinyume kilichomo humo: yule aliyeukata msitu alionekana kuwa na haki ndani yake, na yule aliyeishi humo vizazi na vizazi bila kuumaliza alionekana kuwa hana.

Hapana mtu aliyeandika sheria kwamba Watwa wasilipwe. Ukiwakusanya wote walioshika kalamu siku zile, yamkini usimpate hata mmoja aliyewachukia. Swali lililoulizwa lilikuwa lile lile kwa kila mtu: shamba lako liko wapi? Ni swali la haki kabisa kwa anayetoka katika watu wenye mashamba.

Kuna ukurasa mwingine wa historia ya Kigezi ambao wenzangu huusahau wanapozungumza habari hii. Katika miaka ya 1940 milima yetu ilikuwa imejaa watu, udongo ukimomonyoka, urithi ukigawanywa mpaka shamba likawa na upana wa mkeka. Serikali ya kikoloni, kwa mkono wa afisa kilimo J. W. Purseglove, ilianza mwaka 1946 kuwahamisha wakulima wa Kikiga waliopungukiwa na ardhi, kwanza kuwapeleka upande wa kaskazini ya Kigezi, na baadaye Ankole na Toro. Walitafutiwa ardhi, wakaoneshwa, wakasaidiwa kuanza. Maelfu walihama, na mpango ule ulisifiwa mno. Wajukuu wao leo ni madaktari, mapadri, wabunge, na walimu tele.

Nauliza: je, kuna aliyesema wakati ule kwamba Wakiga wamependelewa? La hasha. Uliitwa mpango wa maendeleo. Lakini leo mtu akisema kwamba Watwa waliotolewa msituni watafutiwe ardhi, huinuka sauti kutoka pande zote: kwa nini wapendelewe? Kwani sisi tulipewa? Ndiyo, tulipewa. Tulipewa kwa jina ambalo halikuitwa kupewa.

Hapa mwalimu wa Kiswahili hukutana na tatizo la lugha, na tatizo la lugha hapa ni tatizo la fikira. Tunataka neno la kutaja hali ya mtu aliyenyanyuliwa na mpangilio wa mambo bila yeye kuomba wala kujua. Tukisema upendeleo, kitenzi -pendelea humtafuta mtendaji: nani alimpendelea nani? Tukisema fadhila, tunamtafuta mfadhili. Tukisema nafuu, tumepunguza uzito. Maneno yetu yote hutaka kuwe na mtu nyuma ya tendo, naye asipopatikana, tunahitimisha kwamba tendo halikuwapo. Ndiyo sababu mabishano yetu juu ya mambo haya huishia katika kujitetea. Mmoja husema, mmetunyang'anya. Mwingine hujibu, mimi sikumnyang'anya mtu. Wote wawili husema kweli, na hawasaidiani lolote.

Neno mfumo linaweza kututoa hapo, tukikumbuka linakotoka. Mfumo ni wa -fuma, kazi ya mshonaji wa mkeka na mfumaji wa nguo. Katika nguo hakuna uzi unaoweza kusema, mimi ndimi ninayemfinya mvaaji. Kila uzi umekwenda ulikopelekwa. Hata hivyo nguo hufinya. Kipimo cha shamba kilikuwa uzi mmoja. Uzi wa pili ni kanuni ya hifadhi zetu ambayo hurudisha asilimia 20 ya viingilio kwa wananchi wanaopakana nazo, kwa kupitia serikali za mitaa. Kanuni nzuri, ila huamuliwa barazani, na barazani huketi wenye kura nyingi, wenye kalamu, na wenye mashamba yanayoliwa na nyani. Uzi wa tatu ni mkopo unaotaka dhamana ya hati. Uzi wa nne ni elimu. Ukiziangalia moja moja, huoni kosa. Ndiyo maana naona si sahihi kuutafuta ubaguzi huu katika nia za watu. Utawachunguza watu elfu na kuwakuta wote waungwana.

Basi hali ya aliyenyanyuliwa tuieleze vipi? Mimi, baada ya kulizungusha jambo hili muda mrefu, naona alama yake iliyo wazi zaidi ni kutoulizwa. Baba yangu hakuulizwa hata siku moja athibitishe kwamba yeye ni mtu wa mahali pale. Alipougua, hospitalini hakuulizwa kama ameoga. Nilipoandikishwa shuleni, hapana aliyeniuliza kama watu wa kwetu huweza kusoma. Nilipotaka kuoa, hapana aliyeuliza kama ninakula nyama ya kondoo, nyama ambayo wengi wa wazee wetu waliidharau na kumcheka Mtwa kwa kuila. Maswali haya yote yapo, na kuna watu ambao huyajibu kila siku kabla hawajaruhusiwa kusema shida yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wasema wahenga. Si kwa ukatili. Shibe haina sauti. Njaa huguruma, shibe hunyamaza, na kisichosikika hakihesabiwi kuwa kitu.

Mtu atanijibu, na ninamjua kwa kuwa yumo katika kila chumba cha walimu: mimi nami nilikuwa maskini, nilikwenda shule pekupeku, babangu alilima kwa jasho lake, fadhila gani hiyo unayonisingizia? Jibu hili lina heshima yake. Maisha ya mkulima wa Kigezi hayakuwa lelemama, na anayemwambia maskini kwamba alikuwa na nafuu ajue kwamba anamchokoza. Lakini jasho humwagika juu ya kitu fulani. Baba yule alilimwagia jasho shamba, na shamba lilikuwapo. Jembe halilimi hewani. Kusema kwamba mtu alifanya kazi kwa bidii hakutuelezi alipatia wapi pa kufanyia. Ukichunguza kwa unyoofu utaona kwamba jasho ni lake mwenyewe, ila udongo wa kulimwagia alikuta umekwisha andaliwa na watu na taratibu ambazo hakuzichagua.

Hapo ndipo swali la maadili linapoanza kuuma. Je, mtu aweza kudaiwa kwa jambo ambalo hakulitenda? Wengi wetu tumelelewa katika dini zinazofundisha kwamba kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe. Tukisema kwamba mjukuu wa mkulima ana hatia ya kufukuzwa kwa Watwa, tumeharibu maana ya hatia, na tena tumemfanyia yeye kile kile tunachokipinga, yaani kumhukumu kwa nasaba. Wanaosema hivyo hukosea, na hasira wanazoziamsha ni haki zao.

Lakini hatia si njia pekee ya kuwajibika. Tulitazame jambo la mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa pwani huifuata, mali ya marehemu haigawanywi mpaka gharama za maziko zimeondolewa na madeni yake yamelipwa. Na kwa desturi za kwetu bara pia, mrithi anayekalia kigoda cha baba huja wadai kumwamkia. Hapana anayemwambia mrithi kwamba yeye ndiye aliyekopa. Hapana anayemwita mwizi. Anaambiwa jambo moja tu: huwezi kulichukua shamba na kuliacha deni lililomo. Na tuangalie mpaka wake, kwani sheria ile ina busara: warithi hawadaiwi zaidi ya mali iliyoachwa. Aliyerithi kidogo hulipa katika kidogo. Asiyerithi kitu hadaiwi kitu.

Naona hii ndiyo namna ya haki ya kulifikiri jambo letu. Deni bila hatia, na deni lenye kiasi. Linamtoa mkulima maskini katika aibu isiyomstahili, wala halimwachi aondoke huku amefunga macho. Linamgusa zaidi aliyepata zaidi: serikali inayopokea fedha za vibali, mwenye hoteli ya kitalii kando ya msitu, kisha sisi tulio na vyeti, na mwishoni kabisa mwenye shamba la upana wa mkeka. Na kwa kuwa ni deni, halilipwi kwa huruma. Siku hizi mtalii huweza kutembezwa na Watwa ndani ya Mgahinga, akaoneshwa moto wa kupekecha na pango la Garama, akasikia nyimbo, akatoa chochote. Sisemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Wako wanaoishi kwayo. Lakini mtu anayeruhusiwa kurudi nyumbani kwake kwa saa chache ili aoneshe jinsi alivyokuwa akiishi, bado hajalipwa.

Mahakama zetu zimeanza kusema lugha hiyo ya deni. Tarehe 19 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa na Watwa na chama chao, iliona kwamba kuondolewa kwao msituni bila fidia ya kutosha kumewaacha katika hali duni, na kwamba wanastahili hatua maalumu ambazo Katiba ya mwaka 1995 inaziagiza kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilikuwa imewapa Waogiek wa msitu wa Mau ushindi dhidi ya serikali ya Kenya, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe. Kongo nayo ilitunga mwaka huo huo wa 2022 sheria ya kuwalinda watu wa jamii hizo.

Jinsi ya kulipa ni swali gumu kuliko kukiri, na jirani zetu wawili wameshika njia zinazopingana. Burundi, katika Katiba ya mwaka 2005, iliamua kuhesabu: viti vitatu vya Watwa katika Bunge na vitatu katika Seneti. Rwanda iliamua kutohesabu. Sababu yake hakuna asiyeijua. Vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 vilitaja kabila la kila mtu, na mwaka 1994 neno lile moja lililoandikwa kwenye kadi lilitosha kumuua mtu kizuizini. Watwa pia waliuawa. Nchi iliyopitia hayo ina haki ya kuviogopa vyeo vya kabila kama mtu aliyeungua anavyoogopa kaa la moto. Kwa hiyo huko jina lenyewe limeondolewa katika lugha ya serikali, na badala yake husemwa abasigajwe inyuma n'amateka, yaani walioachwa nyuma na historia.

Namheshimu aliyelitunga fungu hilo la maneno, lakini kama mwalimu wa sarufi siwezi kulipita hivi hivi. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji ni historia. Historia ni nani? Historia haimiliki shamba, haina baraza, haitoi vibali. Tumempata mtendaji ambaye hawezi kudaiwa. Na mahali ambapo watu hawatajwi, ni vigumu kujua ni wangapi kati yao walio darasani na ni wangapi walio barabarani. Kwa upande wa Burundi, watu wametajwa na wamehesabiwa, lakini kiti cha Bunge ni cha mmoja, na shamba asilo nalo ni la elfu nyingi. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kuhesabu, kwa maana deni lisiloandikwa hukanwa. Nasema hivyo nikijua kwamba ninasema nikiwa Uganda, ambako kadi haikuua mtu kwa namna ile, na kwamba Mnyarwanda aweza kunijibu kwamba kutoogopa kwangu nako ni kutoulizwa.

Nirudi shuleni, maana ndiko tunakolipwa mshahara. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tunajua kidogo maana ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Lugha yetu ilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Idi Amin, na tangu hapo ilichukuliwa kuwa lugha ya askari na majambazi. Hata baada ya kufanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na hata baada ya baraza la mawaziri kuagiza mwaka 2022 ifundishwe kwa lazima, yuko mzazi anayeuliza kwa nini mwanawe afundishwe lugha ya wezi. Ujuzi huu ungepaswa kutupa sikio jepesi. Sina hakika kwamba umetupa.

Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1997, na tukasema mlango sasa u wazi kwa wote. Ni kweli hapana mtoto anayefukuzwa kwa jina la kabila lake. Lakini sare hununuliwa, daftari hununuliwa, na chakula cha mchana hutolewa na mzazi aliyevuna. Mtoto anayetoka katika kibanda kilichojengwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, ambaye mama yake huamkia kibarua cha kulima ili alipwe viazi vya siku hiyo, huketi nje wakati wenzake wanakula. Baada ya muda haji. Kisha sisi husema, na nimelisikia likisemwa kwa upole kabisa: watu wale hawapendi shule.

Kuna methali ambayo kila mmoja wetu ameifundisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeanza kuwauliza wanafunzi wa Kigezi swali ambalo vitabu vya mazoezi havina: katika nchi hii mgeni alikuwa nani, na jembe lilikuwa la nani? Wengi hucheka, wakidhani ni mtego. Halafu mmoja husema kwamba mgeni wa kwetu alikuja na jembe lake mwenyewe, na darasa hunyamaza kidogo. Silisukumi zaidi ya hapo. Sitaki mtoto wa mkulima atoke darasani akijiona mwizi, na sitaki yule mtoto mmoja wa Kitwa aliye safu ya nyuma ageuzwe kuwa somo la wenzake.

Mwaka huu yuko mmoja, na hukosa siku za soko, kwa kuwa siku hizo humsaidia mama yake kubeba mizigo ya wachuuzi. Kanuni ya shule inasema kwamba anayekosa siku kadhaa katika muhula hurudia darasa, nayo ni kanuni moja kwa wote. Tumeafikiana katika kikao cha walimu kuifikisha kwa kamati ya wazazi muhula ujao, pamoja na suala la chakula. Wajumbe wote wa kamati hiyo ni watu wenye mashamba, na mmoja wao ameshauliza kwa nini mtoto huyo apendelewe.